Hadithi Isiyotaja Fundisho Lake

Sisi watu wa nchi hii tumelelewa na hadithi. Jioni, moto ukiwaka, bibi alitusimulia habari za sungura na fisi, na mwisho wake ulikuwa wazi: mlafi ameadhibiwa, mjanja amepona, watoto waende kulala. Ndiyo maana mtu wa kwetu akifunga kitabu huuliza mara moja: “Basi, kinatufundisha nini?” Swali hilo ni zuri, wala hatulicheki. Lakini kwa hadithi nyingi zinazoandikwa siku hizi, likitangulia mbele, msomaji hutoka mikono mitupu.

Tutwae mfano. Mwaka 2016 huko Kenya kilitolewa kitabu cha hadithi fupi, *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, nacho kilisomwa miaka kadhaa na vijana wa sekondari kwa ajili ya mtihani. Hadithi iliyokipa kitabu jina lake ni ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba. Ni fupi, utaimaliza kabla maharage hayajaiva. Kuna mtaa wa maskini, Madongoporomoka, na watu wake wana hofu ya kufukuzwa, kwa kuwa wakubwa wanaitamani ardhi yao. Humo Mzee Mago ana mkahawa mdogo. Siku moja linaingia jitu zima, linataka chakula chote kilichopikwa. Linakula, linakula, linamaliza. Mwandishi hatuambii: “Ndugu, huyu ni mfano wa wenye nguvu.” Anatuonyesha mtu anayekula, basi. Kisha yanakuja makatapila kubomoa vibanda. Hapo msomaji anarudi mwenyewe nyuma, kurasa chache, kumtazama tena yule mlaji. Kumbe alikuwa anakula nini? Mwisho wake hatuutaji, tusije tukawanyima utamu.

Sisi tunasoma pamoja Jumapili alasiri, kitabu kimoja kwa watu kumi na mmoja. Mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza. Hadithi hiyo ilituletea ugomvi. Fundi wa viatu alisema: “Mzee Mago asingempikia mtu wa namna ile.” Mwalimu akamjibu: “Na wewe, Papa, wateja wako huwa unawachagua?” Tukacheka, lakini fundi hakucheka. Alitaka tuanze tena kutoka mwanzo, nasi tukaanza. Mara ya pili tulisikia maneno ambayo mara ya kwanza yalitupita kama upepo. Hadithi fupi ya kweli husomwa mara mbili. Mara moja ni kuionja tu.

Mtu atasema: Je, kila hadithi ya kisasa ni njema? Hapana. Ziko zilizofungwa kama sanduku lisilo na ufunguo, na mwandishi wake anaona fahari kwamba hatuelewi. Hizo tumeziacha bila majuto. Tena waandishi wetu wa Kongo wengi huandika Kifaransa. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alitoa mwaka 1973 *Entre les eaux*, habari za padri anayejiunga na waasi. Kitabu kama hicho mmoja wetu hukisoma na mwingine hugeuza maneno kwa Kiswahili papo hapo. Kazi hiyo huchosha, na mara nyingi huleta mabishano juu ya neno moja hata giza likaingia.

Kwa hiyo tulifurahi sana kupata *Peponi*. Mwandishi wake, Abdulrazak Gurnah, alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akapewa tuzo la Nobel mwaka 2021. Kitabu alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis alikigeuza kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 2022. Mtoto Yusuf, wa miaka kumi na miwili, anaondoka kwao pamoja na tajiri Aziz, ambaye anamdhani kuwa ami yake. Anafikiri ni matembezi. Baadaye, huko dukani, kijana mwenzake Khalil anamwambia ukweli: huyu si ami yako; baba yako ana deni, nawe ni rehani. Baadaye Yusuf anafuata msafara wa biashara kwenda bara mbali, katika njia za namna ile zilizotuletea sisi Kiswahili tunachosemea.

Katika kikundi chetu yumo Mama mmoja muuza samaki. Hajui kusoma, lakini hakosi Jumapili. Tulipofika kwenye neno hilo la rehani, akainua mkono, akasema: “Simameni kidogo.” Tukasimama. Akatueleza kwamba naye alipelekwa mjini akiwa mdogo, akae kwa mtu aliyeambiwa amwite shangazi. Aliteka maji, alibeba watoto, alifua. Alikuwa amekwisha kuolewa alipojua kwamba shangazi huyo hakuwa ndugu, na kwamba baba yake alikuwa na deni la ng’ombe. “Hakuna aliyeniambia,” akasema. “Nilifikiri nimependwa kuliko ndugu zangu, ndiyo sababu nimepelekwa mjini.”

Siku ile hakuna aliyeuliza fundisho la kitabu. Mwalimu alitaka kumlaumu babaye Yusuf, lakini Mama akamkataza. Alisema hatujaonyeshwa baba huyo alilalaje usiku ule, wala mama wa mtoto alisema nini chumbani, na kwamba yeye angependa kusikia hayo kwanza. Tulifungua tena kurasa za mwanzo kutafuta. Tulipata kidogo tu: maneno machache, ukimya mwingi. Mama alitufanya tuyasome maneno hayo mara tatu.

Kisha akaomba aende na kitabu nyumbani, mjukuu wake amsomee yaliyobaki. Hajakirudisha bado. Fundi wa viatu, ambaye zamu yake imepita mara mbili, amekwenda kukidai, akakuta mjukuu anasoma mlangoni na majirani wanne wameketi. Akaketi naye.