Fedha haitoshi lipu na sakafu? Gawa kwa vyumba

Dada yangu anajenga Iringa. Mwezi Mei kodi ya nyumba aliyopanga ilikuwa inakaribia kuisha, na fedha iliyobaki ilitosha ama lipu ya nyumba nzima, ama sakafu. Mtoto wake ana miezi 9, anatambaa. Akanipigia simu huku Mbeya: "Mdogo wangu, wewe si unaandika habari za afya? Nianze na kipi?"

Fundi alishamwambia lipu hutangulia, na yuko sahihi. Jamvi la zege linaweza kumwagwa mapema, ila sakafu laini ya juu husubiri. Mabomba ya nyaya na ya maji yapite ukutani kwanza, ifuate lipu, ndipo sakafu. Ukigeuza, saruji inayodondoka ukutani itagandia kwenye sakafu mpya, na majukwaa ya mafundi yataikwaruza.

Lakini mtoto anatambaa chini. Mexico ilianza mwaka 2000, katika jimbo la Coahuila, kuwawekea wananchi sakafu za saruji kwenye nyumba zenye sakafu ya udongo. Watafiti walikadiria kwamba nyumba ikiondokana kabisa na sakafu ya udongo, vimelea vya tumboni kwa watoto hupungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Kwetu, utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takribani asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, katika mkoa wenye chakula tele. Kuhara mara kwa mara ni mojawapo ya sababu za udumavu.

Shemeji alitaka lipu kila mahali, wageni wasione matofali. Nikawaambia wagawe fedha kwa vyumba: sebule na chumba anacholala mtoto vipigwe lipu, visakafiwe, viishe kabisa. Vingine visubiri mavuno. Wakakubali, na utaratibu wa fundi haukuvunjwa.

Mzazi mwenzangu ukifanya hivyo, mwagilia sakafu maji kwa siku 7 isipasuke. Watoto wakae mbali, saruji mbichi huunguza ngozi. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, usihamie mapema ukategemea jiko la mkaa kukausha chumba. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini. Fungua madirisha, usubiri.