Nilimcheka Mathe, Nikalipwa

Wasee, kuna skiti yangu moja mnaijua. Ile nimefunga leso kichwani, nimejaza mto tumboni, nimesimama mbele ya mita ya stima nikiipaka mafuta ya upako. Yuniti zimebaki mbili. Natetemeka mkono, napiga kelele, "Tokeni, ongezeka!" Stima inapotea. Giza. Imeisha.

Hiyo ndiyo ilinitoa. Kabla yake wafuasi wangu wengi walikuwa watu niliosoma nao shule ya upili. Wiki moja baadaye makanga wa matatu za kwetu Kayole walikuwa wanaita abiria na huo mstari. Duka moja la simu likanilipa Sh12,000 nitangaze kava zao kwa vidio iliyofuata. Kwa msee aliyeacha kampasi mwaka wa pili juu ya karo, Sh12,000 ilikuwa dalili kwamba sijapotea njia.

Kitu sikuwaambia ni kwamba yule mama sikumbuni. Leso ni ya mathe. Sauti ni ya mathe. Hata mtetemeko wa mkono ni wake. Alikuwa ameingia kanisa fulani la hema. Kila Ijumaa kesha, kila wiki "mbegu" ya kutuma kwa simu, na juu ya meza yetu kukawa na chupa ndogo za mafuta zimepangwa kama dawa za mgonjwa. Mimi niliona ujinga. Halafu nikaona kontenti.

Aliitazama hiyo vidio jikoni, kwa simu yangu. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema, "Kumbe mimi hutetemeka hivyo?" Akarudi kukanda unga. Mathe huuza chapati na maharagwe, ana kibanda karibu na stage. Nikajiambia ameipenda. Hiyo ilikuwa Februari.

Juni, mweka hazina wa chama chao akanisimamisha njiani. Akaniuliza kwa upole, ile upole ya kuogopesha, kama niko na mpango wa kumsaidia mama yangu kulipa deni. Deni gani? Nikaenda nyumbani, tukakaa chini na simu yake, tukahesabu meseji za pesa moja moja. Mathe alikuwa ametuma mbegu ya Sh18,500. Nyingi ya hiyo pesa ilikuwa ya kukopa.

Nikauliza ilikuwa ya nini. Akanyamaza kwanza. Halafu akavuta droo, akatoa barua yangu ya kampasi, ile ya kuniita mwaka wa kwanza. Kwenye pembe ilikuwa na doa la mafuta.

Mbegu ilikuwa ya karo yangu. Alikuwa anapanda ndio nirudi shule.

Maze, nilikosa mahali pa kuangalia. Lakini hiyo siyo sehemu iliyoniuma zaidi. Nilimuuliza kama bado aliamini. Akasema alianza kuwa na shaka mwezi huo huo wa Februari, wakati pastor alitangaza kwamba asiyemaliza nadhiri atapoteza hata alichokwisha panda. Akaona hiyo ni lugha ya shylock, siyo ya Mungu. Alitaka kuacha. Kufikia hapo alikuwa ametuma Sh7,000 tu.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Ungepata skiti ya pili."

Halafu akaongeza kitu ambacho sijawahi kukisahau. Yule pastor alikuwa amewaonya kwamba watu wa nyumba zao wenyewe watawacheka, na kwamba wakiona hivyo wajue baraka iko karibu. Wiki hiyo hiyo mimi nikatoa vidio. Kwa hivyo pale alipokuwa anayumba, mimi ndiye nilikuja kumthibitishia kwamba pastor anajua anachosema.

Pigeni hesabu na mimi. Sh18,500 toa Sh7,000. Sh11,500 ilitoka kwa kibanda cha chapati baada ya mimi kumcheka. Mimi nililipwa Sh12,000. Kama familia tulipata faida ya Sh500.

Kabla hamjanirukia, sisemi dini isiguswe. Hapana. Hiyo ndiyo lugha ambayo hao mapastor wa hema wanaipenda sana. Ukiuliza pesa imeenda wapi, unaambiwa usimguse mtumishi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inampa mathe haki ya kuamini anachotaka. Kifungu cha 33 kinanipa mimi haki ya kusema ninachotaka, bora nisichochee chuki wala vita. Haki ninayo. Na pia najua kuna watu wameuawa kwa sababu ya katuni. Januari 2015 huko Paris, watu 12 waliuawa kwenye shambulio la jarida la Charlie Hebdo. Hakuna mzaha unaostahili risasi. Hapo sina "lakini".

Swali langu ni dogo kuliko hilo. Haki ya kucheka ninayo, sawa. Kicheko changu kilifanya kazi gani?

Sisi Wakenya tuna historia poa ya kucheka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Redykyulass walimuigiza Rais Moi kwa televisheni akiwa bado yuko Ikulu. Wazazi wetu walikuwa wamezoea kumtaja kwa kunong'ona. Ghafla wanamwona msee kijana na rungu anaongea kama yeye, na hakuna aliyepotea usiku. Mwaka wa 2009 XYZ Show ikaja na vikaragosi vya wanasiasa. Ukiangalia hizo kazi unaona kicheko kilipunguza woga. Mtu aliyekuwa ananong'ona akapata sauti.

Yangu ilifanya kinyume. Mathe alikuwa na sauti, nikamfanya anyamaze. Na mtu aliyefaa kuogopa, yule pastor, sikumgusa hata kidogo. Rudieni kuitazama hiyo skiti. Pastor hayuko. Kuna mama, chupa na mita. Mwenye kuuza mafuta hakuonekana, aliyenunua ndiye alibeba aibu yote. Nilidhani napigana na utapeli, kumbe nilikuwa nacheka mtu aliyetapeliwa.

Hapo ndipo nikakumbuka Shakahola.

Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi kwenye ule msitu wa Kilifi, mnakumbuka simu zetu zilikuwa zinafanya nini? Mizaha. Mtu akichelewesha lunch, "wewe ni wa Shakahola". Mtu akikonda, vivyo hivyo. Mimi pia nilituma kadhaa, siwezi kujifanya msafi. Hesabu ya miili ilipita 400, na kati yao kulikuwa na watoto wengi. Mhubiri wao alikuwa ameshakamatwa kabla ya hapo na kuachiliwa kwa dhamana. Baadhi ya waumini waliookolewa walikataa chakula hata baada ya kutolewa msituni. Sisi tuliokuwa na chakula tukauliza, "Kwani hawa ni wajinga kiasi gani?"

Sai naliangalia hilo swali na kuona lilivyokuwa baya. Fikiria wewe ni mtu umeuza shamba, umeacha kazi, umetoa watoto shule, umegombana na ndugu zako wote kwa sababu ya imani fulani. Halafu asubuhi moja unaanza kuwa na shaka. Ukitaka kutoka, kuna kitu kimoja lazima ukubali kwanza: kwamba ulidanganywa. Hiyo peke yake ni nzito. Sasa ongeza kwamba nje ya mlango kuna nchi nzima imejipanga, simu mkononi, inangoja kukucheka. Utatoka? Wengi watabaki ndani, angalau pale ndani kuna watu wanaowaita ndugu.

Aibu ni kufuli. Anayemcheka aliyedanganywa anamsaidia mdanganyifu kufunga mlango kutoka nje.

Najua kuna msee atasema, "Lakini watu wazima wajibebe, ujinga ukichekwa ndio unaisha." Nimelifikiria. Kuna watu kweli huacha kitu wakichekwa. Mimi mwenyewe niliacha kuvaa jinzi fulani. Lakini jinzi sikuikopea pesa ya chama. Sikuwa nimeweka ndani yake tumaini la mtoto wangu. Mtu akishaweka kitu kizito hivyo mahali, kicheko hakimwondoi. Kinamfundisha tu kuficha. Mathe hakuacha kutuma pesa. Aliacha kuniambia.

Nilifuta ile skiti. Haijasaidia sana, watu walishaipakua, na mstari wenyewe uko mitaani. Mpaka leo vijana wa boda wakipita kwa kibanda wanasema, "Mathe, chapati, ongezeka!" Yeye huwajibu, "Leta pesa, itaongezeka." Wanacheka pamoja. Mimi nikiwa hapo huangalia sufuria.

Deni la chama tunalipa pole pole, Sh1,000 kila mwezi, nusu yake natoa mimi.

Na nimefanya skiti nyingine. Hii haina mama. Ina pastor peke yake, usiku, baada ya kesha, anahesabu mbegu kwa simu na kumkemea Mungu kwa sababu mtandao uko chini. Mathe ndiye alinirekebisha. Nilikuwa namtembeza huyo pastor haraka haraka, akasema, "Hapana, hawa hutembea pole, kama mtu amebeba uji moto." Akasimama katikati ya jikoni akanionyesha. Akanipa na maneno yake, jinsi anavyoshusha sauti kabla ya kutaja namba ya kutuma pesa. Tulicheka mpaka chapati ikaungua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea kuhusu lile hema bila kuinamisha kichwa.

Hiyo vidio ilitazamwa na watu wachache sana ukilinganisha na ya kwanza. Ni sawa. Lakini inboksi niliandikiwa na msichana mmoja, akasema ameionyesha shangazi yake, na shangazi akatulia, kisha akauliza, "Kwani wewe umejuaje?" Wakaongea hadi usiku. Hicho ndicho nilikuwa natafuta tangu mwanzo na sikujua.

Kwa hivyo sijaacha kucheka imani za watu, na sitaacha. Ila siku hizi kabla ya kuwasha kamera najiuliza: huyu ninayemcheka akiamka kesho na shaka, ataweza kunipigia simu mimi? Kama jibu ni hapana, nimekosea mtu wa kumcheka.

Mathe bado anaenda kanisa, dogo tu la mtaani, hakuna mafuta. Bado anaomba nirudi kampasi. Mimi siamini kama anavyoamini, na tumekubaliana hivyo. Barua iko kwa droo na doa lake. Nimewahi kufikiria kuifanyia vidio, ingeliza watu. Nimeiacha hapo.

Wewe pia kama kuna mtu kwenu umemcheka juu ya mambo haya, mpigie. Usimwombe atoke mahali alipo. Muulize tu ameshindaje, halafu nyamaza, usikilize.