Theluji iliyo karibu na Nairobi

NANI alisema theluji ni ya Wazungu pekee? Swali hili lilinijia jioni moja nyumbani kwangu Nairobi, watoto walipokuwa wakitazama kwenye televisheni watu wakiteleza juu ya theluji, mbao ndefu zimefungwa miguuni.

"Baba, na sisi twende," akasema kitinda mimba wangu, mwenye umri wa miaka minane.

Nilicheka, lakini ombi lake halikuwa la kipuzi. Mkenya Philip Boit alishiriki mchezo huo katika Olimpiki za majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngojea hadi mwisho na kumkumbatia. Mwaka wa 2018 Sabrina Simader naye aliiwakilisha Kenya huko Korea Kusini.

Tatizo ni kwamba hapa kwetu hakuna mahali pa kuteleza. Familia za Johannesburg huingia garini na kwa saa tano hivi zikawa Afriski, katika milima ya Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Sisi wa Nairobi gari litatufikisha Mlima Kenya. Hatutateleza, lakini baridi yenyewe tutaionja.

Jambo la kwanza ni kuchagua mwezi. Januari na Februari huwa kukavu, na pia kuanzia Julai hadi Septemba. Mvua za Aprili na Novemba hugeuza njia kuwa matope matupu.

La pili ni mavazi. Mama watoto alikwenda Gikomba akarudi na makabuti, glavu, kofia za sufu na soksi nzito kwa bei nafuu. Usisahau koti la mvua, tochi na flaski ya chai. Beba kitambulisho pia, kwani ada ya mbuga kwa Mkenya ni ya chini kuliko ya mgeni wa ng'ambo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri tukapitia Thika na Karatina. Tulipokaribia Naro Moru, watoto walipiga kelele. Kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kilikuwa wazi, cheupe pe! Huo ndio wakati wa kukitazama, maana jua likipanda mawingu hukifunika.

Tulivuka ikweta kabla ya kuingia Nanyuki, tukashika barabara ya Meru hadi njia ya lango la Sirimon. Hapo langoni, mita 2,650, tuliliacha gari letu dogo, tukamkodi kiongozi, tukatembea kilomita tisa hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300.

Nilikuwa nimepanga kwamba kesho yake tupande hadi kambi ya Shipton, mita 4,200, karibu na barafu yenyewe. Lakini jioni ile kitinda mimba alikataa chakula, akalalamika kwamba kichwa kinamgonga. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewatoa watoto Nairobi na kuwapandisha kwa siku moja, ilhali mwili huhitaji muda kuzoea hewa hafifu ya juu.

"Mzee, huyu mtoto hapandi tena," kiongozi akaniambia. "Akizidiwa, tunashuka usiku huu huu."

Nilitaka kubishana, kwa kuwa nilikuwa nimegharamika. Mama watoto akanitazama tu, nami nikanyamaza. Hakulala usiku ule.

Kulipopambazuka kichwa kilikuwa kimetulia. Tulitoka nje tukakuta nyasi zote nyeupe kwa sakitu. Mtoto alivua glavu, akaikwangua, akaitia mdomoni. Kisha tukateremka.

Kifungua mimba wangu alilia njia nzima kwa kuikosa barafu, na sikumlaumu. Barafu ya Lewis, ambayo imepimwa tangu 1934, ilikuwa imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake kufikia 2010, na inaendelea kuyeyuka kwa sababu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Huenda watoto wake wakaisoma vitabuni tu.

Kwa hivyo msomaji, ukipanga safari hii, lala Nanyuki usiku wa kwanza na Old Moses usiku wa pili. Mtoto akiumwa na kichwa, usipande zaidi. Akitapika au akiyumbayumba, mteremshe mara moja, hata kama ni usiku.

Sisi tutarudi Januari, Mungu akipenda, na safari hii hatutakimbia. Haraka haraka haina baraka.