Linawaka, Haliendi

Gari kuwaka na gari kwenda ni mambo mawili, na katika magari ya haibridi masafa baina ya hayo mawili ni marefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Magari haya yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja yamejaa majumbani mwetu. Yanateremshwa bandarini Mombasa yakiwa yameshatumika Japani, hupendwa kwa sababu mafuta yake ni ya kuhesabu, na mara nyingi mwenye kuyaendesha ni mama wa nyumba, apelekaye watoto skuli na madrasa. Likimgomea, ndiye aulizwaye na fundi: "Tubadilishe betri kubwa?" Naye hutakiwa kujibu papo hapo.

Sisi tuliulizwa swali hilo mwezi wa Julai mjini Nyeri. Tulikuwa tumepanda huko, dada wawili, mama yetu na watoto watatu, kwa ajili ya akika ya mtoto wa mdogo wetu aliyeolewa huko. Julai ni kipupwe, na kipupwe cha chini ya Mlima Kenya si hiki chetu cha kujifunika leso. Ukungu hushuka mpaka barabarani na maji ya kutawadhia huuma vidole. Gari lilikaa uani siku tisa, kwani kila tulipotoka, iwe ni Majengo kwa wakwe au sokoni Karatina, shemeji ndiye aliyetuchukua. Siku ya kumi tulikanyaga breki, tukabonyeza kitufe. Taa za dashibodi ziliwaka zote, redio ikasema, feni ikavuma. Tulipotia gia, herufi ya N ilibaki pale pale, na gari halikusogea hata shubiri.

Fundi wa kwanza alichomeka kifaa chake cha kusoma hitilafu, akatazama orodha ndefu ya herufi na namba, akaifuta yote, kisha akatoa hukumu: betri kubwa imekufa. Iliyotumika ingetugharimu shilingi 165,000.

Fedha zilikuwepo, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Zilikuwa ni za mchezo wetu wa miaka miwili, zilizowekwa kwa ajili ya Umra ya mama. Mama alikuwa ameketi karibu akisikia kila neno. "Makka haihami, wanangu," alisema, "tengenezeni gari mrudi kazini." Alisema kwa upole, nasi tulimfahamu. Ana miaka 74 na magoti yake yanazidi kumsumbua. Safari hiyo ikiahirishwa, nani angekuwa na hakika ya nyingine?

Shemeji aliomba tusubiri mpaka alasiri, akamleta binti mmoja aliyesomea ufundi wa magari katika chuo cha pale mjini. Alikuja na mkoba mdogo na kipimo cha umeme. Hakufungua boneti. Aliuliza tu: "Mama, mliona neno READY la kijani?"

Hatukuliona, kwa kuwa halikutokea. Akatueleza kwamba katika haibridi za namna ya hili letu, taa na redio si dalili ya gari kuwa tayari, na hata ukimya wa injini si dalili ya ubovu. Gari huwa tayari neno lile litokeapo. Lisipotokea, kompyuta imekataa kuunganisha betri kubwa na mota, na kazi ya fundi ni kujua kwa nini imekataa.

Sababu iliyo rahisi kuliko zote ndiyo ya kutazamwa mwanzo. Haibridi ina betri mbili. Kubwa ndiyo yenye kusukuma gari. Katika Prius ya kizazi cha tatu, kwa mfano, ina vipande 28 vyenye jumla ya volti 201.6. Ndogo ni ya volti 12 kama ya gari lolote, na mara nyingi hufichwa nyuma, butini au chini ya kiti. Hii ndogo haizungushi injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kufunga swichi ziiletazo nguvu ya ile kubwa. Ikidhoofika, taa zaweza kuwaka vizuri kabisa ilhali kompyuta hazina nguvu ya kumaliza kazi, zikaanza kulalamika juu ya mambo yasiyo na ubovu wowote. Ndiyo maana orodha ile ilikuwa ndefu, na ndiyo maana ingefaa ipigwe picha kabla ya kufutwa.

Alipima: volti 11.3, na betri nzima yapasa kuwa na 12.6 hivi. Alituomba tubonyeze kitufe. Kipimo kikaporomoka hadi 8. Akaunganisha nyaya na gari la shemeji, tukabonyeza tena, na neno la kijani likatokea. Gia ya D ikakubali.

Hapo wengi wangelipwa na kuondoka. Yeye alitaka kujua betri ilimalizwa na nini, akakuta kifaa cha kufuatilia gari, kilichofungwa kabla hatujalinunua, kikinyonya umeme usiku na mchana. Akakitenga. Kisha alitupakia mpaka Kiganjo na kurudi, huku akisoma volti za betri kubwa gari likiwa na mzigo. Vipande havikupishana sana. Lakini tundu la hewa lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma, ambalo betri hiyo hupozwa kwalo, lilikuwa limejaa vumbi. Akalisafisha kwa brashi, akawakataza watoto kulifunika kwa mikoba. Waya za rangi ya chungwa hakuzigusa, akasema asiye na glavu maalumu asizikaribie, kwani umeme wake huua. Na kijana aliyekwisha kuja na kamba ya kulivuta gari alimrudisha kwa ukali kidogo: haibridi inayoendeshwa na magurudumu ya mbele haivutwi magurudumu hayo yakizunguka chini, kwa sababu huzungusha mota nazo huzalisha umeme. Hubebwa juu ya lori.

Betri ndogo mpya ilikuwa shilingi 14,500. Ujira wake ulikuwa mdogo hata tukaona haya, tukaongeza.

Tuliondoka Alhamisi baada ya alfajiri. Kutoka Karatina barabara huteremka, na watoto waliitazama mishale ya dashibodi ikionyesha betri kubwa ikijaa kwa mteremko tu. Tulipokaribia Sagana mama alizinduka usingizini, akauliza kama picha ya viza ni lazima iwe na weupe nyuma.