Kuvuka Utavuka, Kurudi Je?

Sisi makarani tunaokaa kitini juma zima huyaona mabonde ya nchi yetu kwa dirisha la basi tu. Kwa sababu hiyo, Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba niliazimia kwenda kuliona bonde la miamba kwa miguu, pamoja na mke wangu, mtoto wetu wa miaka miwili, na mbwa wetu Simba.

Nia yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kwenye magenge ya mto Nithi, juu ya Chogoria. Lakini pale ni ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya, iliyowekwa mwaka 1949, na mbwa haruhusiwi. Tena baridi ya huko haimfai mtoto mdogo. Basi tukachagua mto Thuci, baina ya Runyenjes na Chuka.

Mto huu hutoka mlimani na kuingia katika mto Tana. Ndio mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi, nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Meru hata mwaka 1992. Umeichimba ardhi sana, na msafiri wa barabara hana budi kushuka na kupanda.

Tuliiacha barabara tukafuata njia nyembamba kati ya kahawa na migomba, hata mashamba yakaisha na miamba ikaanza. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, nami nilichukua mkate na chupa ya chai. Huko chini tulikula juu ya jiwe pana. Maji yalikuwa machache, na mawe yalipangana kama ngazi mpaka ng'ambo. Simba aliyaruka mara moja akaenda zake. Nami nikataka kumfuata na mtoto begani, ili Jumatatu niwaambie wenzangu ofisini kwamba nimetoka Embu nikaingia nchi ya Meru kwa miguu.

Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe akaniambia, "Mwanangu, kuvuka utavuka. Kurudi je?" Akaonyesha upande wa mlima, ambako mawingu yalikuwa meusi, ingawa kwetu jua liliwaka. "Mvua ya huko haipigi hodi huku."

Nilichukizwa, maana nilijiona mtu niliyesoma. Lakini mke wangu alikuwa amekwisha mfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya kupanda. Nikamwita Simba, asije, nikawafuata.

Hatujafika nusu ya mteremko tukasikia ngurumo chini. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo, na yale mawe ya kuvukia hayakuonekana tena. Hata jiwe tulilolia mkate lilikuwa limefunikwa. Mke wangu hakusema neno, nami sikuwa na la kusema.

Siku ya pili nilipita darajani kwa basi, nikamkuta Simba ng'ambo, penye kibanda cha chai, akilishwa ugali na watu wema. Hivyo wa kwanza wa nyumba yangu kuingia nchi ya Meru kwa miguu alikuwa mbwa.

Wasomaji wenye watoto, nendeni mkayaone mabonde haya, kwa kuwa ni mazuri sana. Lakini wakati wa mvua utazameni mlima kabla ya kuutazama mto, mbwa afungwe kamba, na mwenyeji aulizwe kwanza. Wazee walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.