Sabuni ya Mgeni

Mara ya kwanza kupelekwa kijijini kushuhudia watu wakinawa mikono, nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilipewa fomu ya miraba na onyo moja: usiseme umefuata nini. Wenyeji tuliwaambia tunaangalia shughuli za nyumbani kwa jumla. Haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli wote, na hilo bado linanikwaza.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barazani, nimeshakalia kigoda. Kalamu na fomu vikanigeuza Bibi Afya. Mama mwenye nyumba akamnong'oneza mtoto, mtoto akatoka mbio kwenda dukani, na punde kipande cha sabuni ya mche kikawekwa kando ya kibuyu chirizi. Siku ile hata kuku wangenawa kama wangeweza. Nikatia vema hadi miraba ikaisha. Jioni msimamizi wetu alizipitia fomu, akauliza swali moja tu: "Ile sabuni ilikuwa imelowa ulipofika?"

Nikakumbuka ncha zake, kali kama za tofali jipya.

Ndipo akatusimulia habari za kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako majaribio yalianza 1924. Taa zikiongezwa mwanga, kazi inapanda; zikipunguzwa, inapanda vilevile, kwa kuwa wafanyakazi wanajua wanatazamwa. (Baadaye nilisoma kwamba takwimu zile zilipokokotolewa upya, hadithi haikusimama imara hivyo.) Akamtaja na mwanaanthropolojia Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand hadi wenyeji wakachoka kumshangaa. Sisi tulikuwa na siku sita.

Siku ya nne sabuni haikutolewa. Mama alinisogezea ungo: "Mwanangu, umekaa tu? Hebu nisaidie kuchambua dagaa." Fomu nikaitia mkobani. Mchana bakuli la maji likazungushwa, wakubwa wakatangulia. Hadi linamfikia kitinda mimba, maji yamekuwa ya kijivu. Sabuni hakuna. Tulipokwisha kula ndipo binti akaingia ndani, akatoka na kipande kilekile, sasa kimelowa na ncha zimelika. Kila mtu akasugua vidole, kisha akavinusa. Nami nikasugua, nikanusa.

Fomu iliuliza habari za kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, basi. Na kwetu, tangu utotoni, ndivyo tulivyonawa: maji matupu kwanza, sabuni mwishoni, ya kuondoa shombo. Nimenawa hivyo miaka yote bila kuliona.

Wanafunzi ninaowasimamia siku hizi siwapi fomu siku tatu za mwanzo. Wananung'unika kwamba wanapoteza muda, nami nawaacha wanung'unike wakimenya mihogo ya watu.

Usiku wa siku ile ya nne, kwa mwanga wa kibatari, niliitoa fomu yangu, nikatafuta mraba unaofaa. Sikuupata. Nikaandika pambizoni: dagaa.