Kitabu cha Baba Kilisema "Hakuna"

Ndugu msomaji, huenda na nyumbani kwako, chini kabisa ya sanduku la bati, kuna kitabu kidogo cha kuachishwa jeshi ambacho hakijafunguliwa miaka mingi. Nataka nikusimulie habari za kitabu kimoja cha namna hiyo, na kosa nililolitenda mimi mwenyewe kwa kukisoma mbele za watu.

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Aliandikishwa Songea mwaka 1942 angali kijana. Alipelekwa Seiloni, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na katikati ya mwaka 1944 divisheni hiyo ikaingia Burma kuwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka mpaka wa India. Nilipokuwa mtoto niliyajua majina ya huko kabla sijayajua majina ya mikoa yetu: Tamu, Kalewa, mto Chindwin, na bonde la Kabaw, ambalo Baba alisema lilikuwa na malaria na tope kuliko mahali popote alipopata kukanyaga. Mvua ilinyesha hata barabara zikageuka mito, na chakula kiliangushwa na ndege kwa miavuli. Mwezi wa Novemba mwaka huo kipande cha kombora kilimwingia pajani. Akabebwa kwa machela, akatibiwa India, akarudishwa nyumbani, akaachishwa jeshi. Tangu hapo alifanya kazi bandarini Dar es Salaam mpaka alipostaafu, akichechemea kidogo wakati wa masika.

Basi, jioni moja ya mwaka 1963, tulikuwa na wageni nyumbani kwetu Magomeni. Baba alikuwa akisimulia jinsi kikosi chao kilivyojilaza kando ya kijito, kikingoja giza liingie ndipo kivuke. Jirani mmoja, mtu wa mizaha, akamkatiza. "Mzee, hiyo Burma yako imeandikwa wapi?" Baba hakukasirika. Alicheka, akaniita. "Mwanangu, kalete kile kitabu uwasomee."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyejua Kiingereza. Unaweza kuwaza, ndugu msomaji, jinsi nilivyojiona mkubwa. Nilisoma jina, namba, bataliani, urefu wa mwili, kovu la pajani. Nikasoma tarehe ya kuachishwa, 14 Aprili 1945, na mwenendo wake, ambao afisa aliuandika kuwa mzuri sana. Kisha nikafika mahali pa nishani. Karani alikuwa ameandika neno moja tu, *Nil*.

Ningaliweza kufunga kitabu. Ningaliweza kurudia lile neno la mwenendo mzuri. La hasha, nilisoma kama nilivyofundishwa shuleni, kwa sauti ya kusikika: "Nishani, hakuna." Kisha nikaongeza, wala hakuna aliyeniuliza: "Na Burma haimo."

Watu walicheka. Baba akakichukua kitabu mkononi mwangu, akakipangusa kwa mkono wa kanzu kana kwamba kimeingia vumbi, akamwuliza Mama kama chai iko tayari. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote. Lakini habari za Burma hatukuzisikia tena. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba mambo yale ni ya zamani.

Miaka ilipita. Mwaka 1971 niliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi moja mjini. Watu hudhani kazi ya masjala ni kupanga majalada tu. Lakini mtu akikaa nayo hujifunza jambo moja, kwamba jalada halisemi yaliyotokea. Husema yaliyofika mezani kwa karani hadi siku lilipofungwa. Barua iliyochelewa kwa siku moja haimo, na msomaji wa baadaye huapa kwamba haikuandikwa kabisa.

Hata hivyo nilikaa miaka kumi na mitatu katika kazi hiyo bila kukumbuka kitabu cha Baba. Mwaka 1984 tulikuwa tukihamisha vitu vya wazee, kitabu kikaanguka miguuni pangu. Safari hii, kwa mazoea ya kazi, sikuanza na maneno. Nilianza na tarehe. Wiki iliyofuata nilikwenda maktaba nikaomba kitabu cha nishani za Waingereza. Huko niliona kwamba Nyota ya Burma ilianzishwa mwezi wa Mei 1945. Baba aliachishwa Aprili. Medali ya Vita nayo ilitangazwa Agosti, ambapo Baba alikwisha kuwa raia miezi minne. Karani wa Keya hakusema uongo, wala Baba hakusema uongo. Kitabu kilifungwa kabla nishani hazijazaliwa!

Nilikaa pale maktaba nikalia, mwanamke mzima mwenye watoto watatu.

Kusahihisha, lakini, si sawa na kujua. Tulimwandikia barua mhusika wa nishani za jeshi la Uingereza. Jibu lilikuwa la adabu, nalo lilisema kwamba jina katika kitabu na jina katika kadi ya hospitali ya India si moja. Ilikuwa kweli. Siku ya kuandikishwa karani alimwuliza Baba jina la baba yake, na hospitalini mwingine akaandika jina la ukoo jinsi alivyolisikia, herufi mbili zikiwa zimepinduka. Nadhani askari wengi wa zama zile walibatizwa upya na makarani namna hiyo. Ilitubidi twende kwa hakimu, Baba akaapa kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, tukapata hati yenye mhuri.

Tulihitaji pia ushahidi kwamba alifika Burma yenyewe, si Seiloni tu. Namba ya bataliani ilisaidia. Kadi ya hospitali ilisaidia zaidi, kwa kuwa ilionyesha tarehe na aina ya jeraha. Lakini Baba alitaka shahidi aliye hai. Tulimpata mzee mwenzake Morogoro, kipofu wa jicho moja, aliyesema bila kuulizwa nani alishika mguu gani wa machela. Aliweka kidole gumba chini ya maelezo yake, kisha akatudai tumletee Baba mwenyewe; karatasi hazimtoshi.

Nakala zote hizo tulizipeleka katika ofisi moja ya hapa nchini ili zithibitishwe. Zilikaa miezi saba. Nilipofuata, kijana wa mapokezi aliniambia kwamba hazikupata kufika. Nikamwomba kwa upole daftari la barua zinazoingia. Nilikwisha kulishika daftari kama lile kila siku ya kazi kwa miaka mingi, nikafungua ukurasa wenyewe, nikamwonyesha mstari wenyewe. Jalada lilipatikana kabla ya saa sita mchana.

Kifurushi kilifika mwaka 1986. Ndani yake mlikuwa na nishani tatu. Ya kwanza Nyota ya 1939–45, ambayo kwa kawaida ilitaka miezi sita ya vita, ila aliyeondolewa kwa jeraha hakuinyimwa. Ya pili Nyota ya Burma, yenye ncha sita na taji, na utepe wenye mstari mwekundu katikati, buluu iliyoiva pande zote mbili, na katika kila buluu mstari wa rangi ya machungwa, ambayo ndiyo jua. Ya tatu Medali ya Vita, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili.

Nilizigeuza huku na huku nikitafuta jina la Baba. Halimo. Nishani za vita vile Waingereza walizitoa bila kuchora jina, na nyota ya askari wa Songea haitofautiani na nyota ya jenerali. Nilikasirika kidogo, nakiri. Ukiikuta moja sokoni hutajua ilikuwa ya nani. Kwa hiyo kilichokuwa na thamani kwangu katika kifurushi kile ni barua, ukurasa mmoja uliopigwa chapa, uliotaja jina lake, namba yake, bataliani yake na nishani zake tatu. Kitabu chenyewe hawakukiandika upya. Walisema barua ihifadhiwe pamoja nacho.

Ndugu msomaji, askari wa Keya karibu wote wametutoka, lakini vitabu vyao vimebaki, na hata leo warithi halali huweza kudai kwa serikali ya Uingereza nishani ambazo hazikupata kutolewa. Wako pia wazee wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambao tunaweza kuwauliza wenyewe. Usipeleke karatasi ya asili popote. Peleka nakala yenye mhuri. Linganisha majina kabla hujaandika barua ya kwanza. Na ukisoma "hakuna," tazama iliandikwa lini.

Jioni kifurushi kilipofika Baba aliniambia nisome ile barua. Mgeni hakuwapo; yule jirani wa mizaha alikuwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Alikuwapo Mama, mimi, na wanangu. Nilisoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na sauti yangu haikuwa ile ya mwaka 1963. Baba akasema, "Rudia hapo pa Burma." Nikarudia. Akaikunja barua mara nne, akaitia ndani ya kitabu, kwenye ukurasa ule wa *Nil*, ambako ipo mpaka leo. Nyota hakuzivaa, aliwaachia wajukuu wazitazame.

Nikataka kumwomba radhi, lakini hakunipa nafasi. Alikunywa chai yake, akanyoosha ule mguu, akawageukia watoto.

"Sasa," akasema, "tulikuwa tumelala kando ya kijito, tunangoja giza."